Kijiwe Kilichotoa Ushahidi: Historia ya Trauti wa Ziwa Yellowstone

Mnamo Julai 1994, mtu mmoja aliyekuwa akivua kwa burudani katika Ziwa Yellowstone, jimboni Wyoming nchini Marekani, alivuta mshipi akakuta samaki asiyepaswa kuwamo ziwani humo. Alikuwa wa kijivu, mwenye madoa meupe mwili mzima na mkia uliopasuka katikati. Samaki aliyezoeleka pale ni trauti wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na dhahabu, mwenye madoa meusi na michirizi miwili myekundu chini ya taya. Wataalamu wa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone walimtambua yule wa kijivu mara moja. Alikuwa trauti wa maziwa makubwa ya kaskazini, ambaye wanasayansi humwita Salvelinus namaycush, samaki mkubwa, mwenye umri mrefu na mla samaki wenzake. Katika masimulizi haya tutamwita trauti mgeni, na yule wa michirizi myekundu tutamwita trauti mzawa.

Mwaka uliofuata nyavu za uchunguzi zilitegwa, zikatoka na wageni wengine, wakubwa kwa wadogo. Hapo ikadhihirika kwamba samaki huyu hakuwa mpita njia. Alikuwa amekwisha kuzaliana.

Ili kuelewa kwa nini habari hiyo iliwatia watu hofu, inabidi tulifahamu ziwa lenyewe. Ziwa Yellowstone liko mita 2,357 juu ya usawa wa bahari, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 340. Sehemu yake kubwa imekaa ndani ya kaldera ya volkano ambayo mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulitokea zaidi ya miaka 600,000 iliyopita, na hadi leo chemchemi za maji moto hububujika sakafuni mwake. Katika maji hayo baridi trauti mzawa aliishi maelfu ya miaka bila mpinzani. Kila mwaka barafu ilipoyeyuka alipanda vijito kwenda kutaga, na vijitoni alingojewa na dubu, fisi-maji, tai na mwari. Nyama yake ndiyo iliyokuwa daraja kati ya ziwa na nchi kavu. Ukimwondoa yeye, unawanyima chakula hata wanyama wasioishi majini.

Trauti mgeni haingii vijitoni. Hutaga ndani ya ziwa lenyewe wakati wa vuli, na muda mwingi hukaa kwenye kina kirefu ambako dubu hafiki wala ndege hamwoni. Kwa hiyo alimla mzawa bila kuziba pengo lake. Watafiti walikadiria baadaye kwamba trauti mgeni mmoja hula wastani wa trauti wazawa 41 kwa mwaka.

Swali la kwanza lilikuwa la jinai: nani amemleta, kutoka wapi, na lini?

Mahali pa kuanzia kushuku palijulikana, kwa sababu kisa hiki kilikuwa na mzizi wa zaidi ya miaka mia moja. Yellowstone ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1872, na kuanzia 1886 ilikuwa chini ya ulinzi wa jeshi. Mwaka 1889 mkuu wake wa muda, Kapteni Frazier Boutelle, alisikitika kuona maziwa na mito mizuri isiyo na samaki. Maporomoko ya maji yalikuwa yamewazuia samaki wasipande tangu barafu ya kale ilipoyeyuka. Akaiomba Tume ya Samaki ya Marekani ipandikize samaki humo. Mwaka huohuo David Starr Jordan, bingwa wa elimu ya samaki, alifika kukagua maji ya hifadhi. Mwaka 1890 trauti mgeni, wa asili ya Ziwa Michigan, alimwagwa katika Ziwa Lewis na Ziwa Shoshone. Hakuna aliyeficha jambo hilo. Kwa fikra za wakati ule, ziwa lisilo na samaki lilikuwa shamba lisilolimwa, na aliyelijaza alisifiwa.

Ziwa Lewis liko safari fupi ya gari kutoka Ziwa Yellowstone, lakini kwa samaki ni ulimwengu mwingine. Kati yao umepita mgongo wa bara. Maji ya Lewis huteremka hadi Mto Snake, yakaingia Mto Columbia na kuishia Bahari ya Pasifiki. Maji ya Yellowstone huelekea upande wa pili, yakapita Missouri na Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko. Kwa karibu karne moja trauti mgeni alikaa upande wake, na mzawa wa Ziwa Yellowstone akakaa upande wake.

Baada ya 1994 dhana zikawa nyingi. Wapo waliosema mtu amembeba kwenye ndoo kwa makusudi, akitaka kuvua samaki mkubwa zaidi. Wapo waliokumbuka moto mkubwa ulioteketeza misitu ya Yellowstone mwaka 1988, helikopta zilipokuwa zikichota maji ziwani na kuyamwaga juu ya ndimi za moto, wakauliza kama samaki hawakusafirishwa kwa njia hiyo. Wengine walidhani amejipenyeza mwenyewe kupitia vijito vya milimani. Kila dhana ilikuwa na uzito wake kwa wasimamizi wa hifadhi. Kama samaki anapita mwenyewe, kuna njia ya kuziba. Kama analetwa na watu, kuna watu wa kuwazuia. Kama amekaa miaka mitano, idadi yake ni moja. Kama amekaa ishirini, ni nyingine kabisa. Shahidi wa binadamu hakupatikana. Ilibidi samaki aulizwe mwenyewe.

Samaki wote wenye mifupa wana vijiwe ndani ya masikio yao, jozi tatu, vimekaa nyuma ya ubongo. Ndivyo vinavyomsaidia samaki kusikia na kujua kama amekaa wima au amelala ubavu. Binadamu amevijua tangu kale. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba samaki wenye jiwe kichwani huteseka zaidi majira ya baridi kali. Lakini ilichukua muda mrefu mpaka mtu alipotambua kwamba jiwe hilo hutunza kumbukumbu. Mwaka 1899 Johannes Reibisch, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi mjini Kiel, alitumia miduara ya vijiwe kuhesabu umri wa samaki bapa wa baharini. Kiangazi samaki hukua haraka na kijiwe huongezewa utando mpana. Baridi ikija utando huwa mwembamba. Jozi moja ya tando hizo ni mwaka mmoja. Mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba ndani ya miduara ya miaka mna mistari myembamba zaidi, ambayo kila mmoja ni siku moja ya maisha ya samaki.

Kilichobaki kilikuwa kusoma kemia ya mistari hiyo. Kijiwe kimejengwa kwa chokaa iliyoshikwa na utando mwembamba wa protini, na hukua kwa kuongezwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Mifupa ya mwili hubomolewa na kujengwa upya, na magamba hunyonywa samaki akikosa chakula. Kijiwe cha sikio hakiguswi tena. Tabaka lililowekwa samaki akiwa na wiki mbili litakuwa vilevile akiwa na miaka ishirini.

Chokaa ya kijiwe hutokana na kalsiamu, na sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo hutoka katika maji ambamo samaki anaishi. Majini mna pia elementi zinazofanana na kalsiamu kiasi cha kuingia mahali pake, hasa strontiamu na bariamu. Zikiwa nyingi majini, zitaonekana zaidi kijiweni. Zikiwa chache, zitaonekana kidogo. Baharini strontiamu haitofautiani sana kutoka pembe moja ya dunia hadi nyingine, ila maji baridi yana hadithi tofauti. Mto unaopita kwenye mawe ya chokaa hubeba kiasi chake, na mto unaotoka kwenye miamba ya volkano hubeba kiasi kingine. Hata uzito wa atomi za strontiamu hutofautiana. Miamba mikongwe yenye rubidiamu nyingi huzalisha taratibu strontiamu ya aina moja kwa mabilioni ya miaka, na mito hurithi alama hiyo kutoka kwa mwamba. Ndiyo maana elimu hii imezaa matunda zaidi kwa samaki wa maji baridi. Kila bonde lina alama yake, na samaki huivaa bila kujua.

Mwaka 1990 John Kalish alionyesha kwamba kiini cha kijiwe cha trauti kinaweza kueleza kama mama yake alipata kuishi baharini au alikaa maji baridi maisha yake yote, kwa sababu yai hubeba kemia ya mama. Mwaka 1997 Brian Kennedy na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba samoni wadogo wa vijito vya jimbo la Vermont wanaweza kutambuliwa kwa isotopu za strontiamu walizozipata katika vijito walimokulia. Njia ilikuwa imefunguka kwa ajili ya Yellowstone.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mtaalamu hukata kichwa cha samaki kwa juu, nyuma ya macho, akafunua tundu la ubongo na kutoa vijiwe kwa kibanio. Kwa trauti, kijiwe ni cha milimita chache tu, cheupe, chenye ncha upande mmoja. Huoshwa damu na utando, kikakaushwa, kikabandikwa kwenye kioo kwa gundi. Kisha husuguliwa kwa msasa laini, kidogokidogo, huku kikiangaliwa kwa hadubini, mpaka kiini kilichoumbika samaki akiwa bado yai kionekane. Akizidisha kusugua, kiini kimepotea na maisha ya mwanzo ya samaki yamepotea nacho. Baada ya hapo kijiwe huwekwa chini ya mwale, wa elektroni au wa leza, unaosafiri kutoka kiini hadi ukingo ukipima kila sehemu. Kinachotoka ni mchoro wa mstari. Kushoto ni kuzaliwa, kulia ni siku ya kuvuliwa, na mstari hupanda au kushuka kufuatana na maji aliyoishi.

Samaki aliyezaliwa na kukulia Ziwa Yellowstone atatoa mstari unaolingana na maji ya Yellowstone mwanzo hadi mwisho. Samaki aliyezaliwa kwingine akahamishwa ukubwani atatoa mstari unaokatika ghafla. Ukihesabu miduara kutoka mkatiko huo hadi ukingoni, unaupata mwaka aliohamishwa.

Andrew Munro, Thomas McMahon na James Ruzycki ndio waliochapisha jibu hilo mwaka 2005. Walipima uwiano wa strontiamu na kalsiamu katika vijiwe vya trauti wageni wa Ziwa Yellowstone, wakavilinganisha na vya samaki wa maziwa yaliyoshukiwa. Baadhi ya samaki wakubwa wa Yellowstone walikuwa na alama ya maji mengine katika miaka yao ya mwanzo, kisha alama ikageuka. Chanzo kilichoelekea zaidi kilikuwa Ziwa Lewis, na uhamisho uliangukia mwishoni mwa miaka ya 1980, miaka kadhaa kabla ya yule mvuvi wa burudani kuvuta mshipi wake.

Kijiwe kilitaja mahali na wakati. Jina la aliyefanya hakikulitaja, wala hakiwezi. Hata hivyo kilichotajwa kilitosha kubadili mjadala. Waliokuwa wakidai kwamba samaki huyo labda alikuwamo siku zote, ila hakuonekana, hawakuwa tena na pa kusimama.

Wakati kijiwe kinasomwa maabara, ziwa lilikuwa linateketea. Katika kijito cha Clear Creek, mahali ambapo trauti wazawa waliopanda kutaga walihesabiwa kila mwaka, mwaka 1978 walipita zaidi ya 70,000. Mwaka 2007 walipita kama 500. Dubu waliacha kwenda vijitoni, na watafiti wakaonyesha kwamba wakati samaki wanapungua, ndama wa paa wakubwa waliongezeka katika chakula chao. Kitendo kinachodhaniwa kuwa cha mtu mwenye ndoo, ambacho huenda kilimchukua alasiri moja, kilifika hadi malishoni.

Hifadhi ikaamua kupigana. Sheria ikataka kila trauti mgeni atakayevuliwa ziwani humo auawe. Nyavu za kutega zikaanza katikati ya miaka ya 1990, na kuanzia 2009 wakaletwa wavuvi wa kibiashara wa kuajiriwa, wenye uzoefu wa maziwa makuu. Baadhi ya samaki walipandikizwa vifaa vya kutoa mawimbi ya redio, wakaachwa waende, ili wawaongoze watu hadi kwenye mazalia yao. Mpaka sasa wameondolewa zaidi ya milioni 4, kwa gharama inayokaribia dola milioni 2 kila mwaka. Tangu mwaka 2012 idadi ya wageni imekuwa ikishuka, na wazawa wameanza kurudi. Hakuna anayetarajia kwamba mgeni atakwisha kabisa. Nyavu zitategwa mwaka hadi mwaka.

Elimu iliyokomaa katika visa kama hiki imekwenda mbali. Huko Alaska, mwaka 2015, Sean Brennan na wenzake walitumia strontiamu ya vijiwe kuonyesha samoni wa Mto Nushagak walizaliwa sehemu gani za bonde hilo, ili wavuvi wa mdomoni mwa mto wajue wanavua watoto wa kijito kipi. Katika Amazoni, mwaka 2016, vijiwe vya kambare mkubwa aitwaye dourada vilithibitisha kwamba samaki huyo huzaliwa karibu na milima ya Andes, akateremka hadi karibu na Atlantiki, kisha wengi hurudi walikozaliwa, safari ya maelfu ya kilomita. Ushahidi huo ulikuja wakati mabwawa ya Santo Antônio na Jirau yamekwisha kuukatiza Mto Madeira, ambao ni mojawapo ya njia zake.

Na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tuna kisa chetu, kinachokaribia kufanana na cha Yellowstone. Sangara hakuwa samaki wa ziwa letu. Maporomoko ya Murchison yalimzuia asipande kutoka Ziwa Albert. Kwa miaka mingi watu walibishana alivyoingia. Mwaka 2005, mwaka uleule wa jibu la Yellowstone, Robert Pringle alichapisha utafiti uliotegemea nyaraka za zamani na kumbukumbu za wazee. Alionyesha kwamba maofisa wa idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda ya kikoloni walianza kumtia sangara ziwani kimyakimya mwaka 1954, kabla ya upandikizaji wa wazi wa 1962 na 1963. Miaka ya 1980 sangara alifurika, na aina nyingi mno za furu zikatoweka. Ni kweli kwamba sangara huyohuyo amejenga viwanda vya minofu Mwanza, Kisumu na Jinja, amesomesha watoto, na mabondo yake yanauzwa bei ya juu. Lakini uamuzi wa kubadili ziwa la nchi tatu ulifanywa na watu wachache bila kuwauliza wanaolitegemea, na ilichukua nusu karne ukweli wake kuandikwa sawasawa. Hatukuwa na hazina ya vijiwe vya miaka ya 1950 na 1960 ya kuulizwa. Tulibahatika kwamba karatasi zilibaki na wazee walikuwa hai.

Safari ijayo huenda bahati hiyo isiwepo. Leo sato hufugwa kwa vizimba ndani ya Ziwa Viktoria, na vizimba hupasuka. Vifaranga husafirishwa kutoka bonde moja kwenda jingine kwa lori. Tutawajuaje sato waliotoroka kizimbani na sato wa ziwa? Tutawajuaje waliohamishwa kutoka bonde hadi bonde? Vijiwe vinaweza kutusaidia kupata jibu, mradi tuwe na vya kulinganisha navyo. Mbinu hii ina mipaka. Maji mawili yenye kemia moja hayatenganishiki, na kijiwe bila kumbukumbu ya maji ya wakati wake ni barua isiyo na anwani. Munro na wenzake walifaulu kwa sababu walikuwa na vijiwe vya samaki wa maziwa yote yaliyohusika.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa taasisi za utafiti wa uvuvi za Tanzania, Kenya na Uganda, kwa vyuo vyetu vikuu, na kwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vilivyoko kila mwalo. Vichwa vya sangara na sato hukatwa kila siku mialoni, kuanzia Kirumba hadi visiwani Ukerewe, na vijiwe hutupwa pamoja na mifupa. Vitoeni. Vikaushwe, vitiwe kwenye bahasha ya karatasi, na juu ya bahasha paandikwe aina ya samaki, urefu wake, mahali alipovuliwa na tarehe. Chukueni pia sampuli ya maji ya mahali hapo. Havihitaji jokofu wala umeme, na vikihifadhiwa vikavu vitadumu kuliko sisi. Mashine za kuvisoma zinaweza kununuliwa au kuazimwa baadaye. Samaki wa mwaka huu hawatavuliwa tena mwaka kesho.

Na wewe ndugu msomaji unayefuga samaki, au unayefikiria kubeba vifaranga kutoka ziwa moja kwenda jingine kwa sababu vimekupendeza, uliza kwanza wataalamu wa uvuvi wa wilaya yako. Ziwa Yellowstone lilibadilishwa kwa siri, na zaidi ya miaka thelathini baadaye wenyewe bado wanalipa.